Rangi ya Maji ya Kunde

Kwa miaka 38 niliyofundisha, zaidi ya nusu yake nikiwa mwalimu mkuu wa shule za msingi mkoani Dodoma, niliamini kwamba ukuta mzuri ni ukuta mweupe. Sikuwahi kuihoji imani hiyo. Nyeupe ilikuwa usafi, usafi ulikuwa ustaarabu, na ustaarabu ndio tulioajiriwa kuufundisha. Sasa nimevuka miaka 70, na ninayaandika haya nikiwa nimeketi katika sebule yangu ambayo kuta zake zote nne si nyeupe. Muuza duka aliiita rangi yake kwa jina la Kiingereza ambalo sikulishika. Fundi aliyeipaka aliiita rangi ya udongo. Mke wangu, ambaye ndiye aliyeiomba, huiita maji ya kunde, na hilo ndilo jina ninalolikubali.

Huenda msomaji akaona kwamba hili ni jambo dogo, mzee mstaafu na ndoo yake ya rangi. Hata mimi niliona hivyo nilipoanza. Lakini kazi ile ilinikumbusha mambo matatu niliyoyafanya kwa ajili ya kuta, nami sijivunii hata moja kati ya hayo.

Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, nianze na jina. Lugha yetu ina maneno matatu tu ya rangi yanayopokea viambishi kama sifa nyingine: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema ukuta mweupe, kuta nyeupe, jiwe jeupe. Rangi nyingine nyingi tumeziita kwa vitu tunavyoviona: kijani kwa majani, kijivu kwa majivu, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda lake. Kaki, rangi ya kaptula za wanafunzi wetu, ni neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi au udongo, lililopitia India na jeshi la Waingereza katika karne ya 19 kabla ya kutufikia. Na maji ya kunde ni yale maji yanayobaki chunguni kunde zikishachemka. Si mekundu, si ya njano, wala si meusi, bali yana kidogo cha kila moja. Kwa kawaida tunayataja tunapoeleza rangi ya mtu. Ukisema fulani ni maji ya kunde, huhitaji kueleza zaidi. Sikuwahi kumsikia mtu akiyataja kwa ukuta mpaka mke wangu alipoyataja.

Imani yangu ya weupe ilianzia chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila Jumamosi asubuhi mkufunzi alikagua mabweni yetu, akapitisha kidole ukutani, akakitazama kidole hicho mbele yetu sote bila kusema neno. Kidole kikiwa na vumbi, bweni zima halikutoka siku hiyo. Tulijifunza saikolojia ya mtoto, tulijifunza mbinu za kufundishia, na mengi nimeyasahau. Kidole kile sijakisahau.

Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Wenye umri wangu wataikumbuka: vikundi vya watu wazima vilikusanyika kando ya redio kila wiki, kiongozi akiwa na kitabu chake, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka nyasi zilizozunguka nyumba. Mimi nilikuwa mwalimu kijana mwenye cheti kipya, nikawa kiongozi wa kikundi. Ilikuwa kazi nzuri, na hata leo naamini iliokoa watoto. Lakini kijana mwenye cheti kipya hatosheki na yaliyomo kitabuni. Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani kwa mama nikiwa na mfuko wa chokaa niliounua kwa mshahara wangu.

Mama aliishi katika tembe, nyumba yetu ya Kigogo yenye paa bapa la udongo. Kuta zake zilikuwa za miti, zikakandikwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Kazi ya kuzisiliba ilikuwa yake. Kila mwaka, baada ya mvua kwisha, alichota udongo mahali alipopajua yeye, akaukanda kwa miguu, akaupaka kwa viganja vyake, na ukikauka ulionyesha njia ya vidole vyake kwa upinde, upinde mmoja juu ya mwingine, kuanzia chini hadi mahali mkono wake ulipoishia. Moshi wa jikoni uliiongeza rangi ile wekundu na giza kidogo. Nilizaliwa nikiitazama. Kama mtu angeniuliza wakati ule ni rangi gani, ningemjibu kwamba si rangi, ni ukuta tu.

Nilichanganya chokaa yangu katika debe nikaipaka ndani yote kwa siku moja. Mama alikuwa ameketi nje akipepeta mtama. Nilipomwita aingie kutazama, aliingia, akasimama katikati, akafunika macho kwa kiganja kama mtu aliyetoka gizani. Akaniambia, "Ahsante, mwanangu. Umefanya kazi." Nikaridhika kabisa. Mvua zilizofuata, paa lilipovuja kidogo kama yanavyovuja mapaa yote ya udongo, chokaa ilianza kubanduka kwa magamba. Niliporudi likizo nyingine nilikuta mama ameibandua yote na kuusiliba ukuta upya kwa udongo wake. Nilinuna. Nilimwambia dada yangu kwamba mama hataki maendeleo. Hilo ni la kwanza.

La pili linahusu shule. Shule nyingi nilizozisimamia zilijengwa kwa nguvu za wananchi, hasa baada ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza kutekelezwa mwaka 1977, wakati watoto walipokuwa wengi kuliko madarasa. Hatukuwa na fedha za rangi ya mafuta ya kupaka sehemu ya chini ya ukuta, ile ambayo migongo na mikono ya watoto hufika. Tulikuwa na chokaa tu, kutoka chini hadi juu. Dodoma ina miezi saba hivi isiyo na mvua, na upepo wake hubeba vumbi jekundu. Weka watoto mia nne, vumbi jekundu na ukuta wa chokaa mahali pamoja, halafu mweke mwalimu mkuu aliyelelewa na kidole cha mkufunzi wake. Nilipigana vita ile kila siku.

Mwaka 1986 nilikuta alama ya kiganja ukutani nje ya ofisi yangu, vidole vitano vimekaa vizuri kama vilivyochorwa. Ukuta ule ulikuwa umepakwa wiki hiyo hiyo. Nikauliza mstarini ni nani. Mvulana wa darasa la nne akajitokeza mwenyewe. Nilimsimamisha mbele ya shule nzima akiwa ameunyoosha juu mkono wake ule mchafu, kwa muda wote wa matangazo. Hakusema neno. Mchana mwalimu wa zamu aliniambia kwamba mtoto yule alikuwa na homa tangu alfajiri. Alikuwa anakuja ofisini kuomba ruhusa ya kwenda zahanati, kizunguzungu kikamshika, akajishikiza ukutani asianguke.

Alipona, akamaliza shule, sijui alikoelekea. Nilikuwa na miaka mitatu ya kumwambia neno moja, nami sikumwambia, kwa sababu mwalimu mkuu hakuomba radhi kwa mwanafunzi. Ndivyo tulivyojiwekea.

La tatu liko ndani ya nyumba hii. Nilistaafu mwaka 2010, na kiinua mgongo changu ndicho kilichoimaliza. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye lipu ndani na nje. Mke wangu alikuwa na ombi moja tu. Alitaka sebule iwe na rangi, akaniambia, "Mwalimu, nipatie ya maji ya kunde. Isiwe kali." Nikamjibu kwamba nyumba ya mwalimu haiwezi kufanana na jungu. Tulipaka chokaa. Kila Desemba tukapaka tena, na kila Desemba aliniomba tena, kwa sauti ile ile ya upole, na mimi nikamjibu maneno yale yale, mpaka ikawa kama mzaha wetu wa sikukuu. Baada ya miaka kadhaa akaacha kuomba. Nilidhani amekubali.

Mwaka 2021 nilianza kuona alama ukutani. Zilikuwa nyingi, hafifu, za rangi ya vumbi na mafuta, zikifuatana kutoka mlango wa chumba chetu, kupitia ukumbini, hadi kwenye kiti chake sebuleni. Nikawashuku wajukuu waliokuwa wamekuja likizo. Nikawapanga mstari, nikawauliza, wakakana wote. Basi nikafanya kama nilivyofanya shuleni: nikapima. Alama zilikuwa usawa wa kifua changu. Mjukuu mkubwa kuliko wote alinifikia kiunoni. Nilifuta alama zile kwa kitambaa, na kesho yake zikarudi, wakati wajukuu walikuwa wamekwisha kuondoka.

Asubuhi ya siku iliyofuata niliamka kabla yake nikaketi sebuleni bila kuwasha taa. Alitoka chumbani mkono wake wa kushoto ukiwa ukutani. Alitembea polepole, mkono ukitangulia, ukapita juu ya fremu ya mlango, ukarudi ukutani, mpaka akafika sebuleni. Hapo akaanza kupapasa akitafuta swichi ya taa. Swichi ilikuwa nyeupe juu ya ukuta mweupe. Aliipapasa juu, akaipapasa chini, akaipata. Taa ilipowaka akafumba macho na kugeuza uso, sawasawa na mama yangu alivyofanya mwaka 1973. Kisha akaniona.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema, "Mwaka wa pili huu, Baba. Mchana ndio mbaya zaidi. Kuta hizi zinanichoma." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwamba aliniambia, ila nilidhani anazungumzia tena habari ya rangi.

Hospitalini daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alitueleza kwa uvumilivu ambao ningependa walimu wote wawe nao. Ndani ya jicho kuna lenzi ambayo kwa kijana ni angavu kama kioo. Kadiri umri unavyokwenda, lenzi huingia njano na ukungu. Mwanga unaoipita haunyooki tena bali hutawanyika, na ndiyo maana mtu huyo huteseka penye mwanga mkali kuliko anavyoteseka kivulini. Tiba ni upasuaji: lenzi iliyochafuka hutolewa, na ya bandia huwekwa mahali pake. Hufanywa jicho moja kwanza, kisha la pili baadaye. Tulipewa tarehe ya miezi michache mbele.

Ukuta mweupe hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoupiga. Sebule yetu ina madirisha mawili mapana upande wa magharibi, na nje yake ni uwanja usio na nyasi wakati wa kiangazi. Kuanzia saa 8 mchana jua huingia lote. Mwanamke mwenye mtoto wa jicho alikuwa ameketi humo kila siku kwa miaka miwili, na mumewe akifuta alama za mkono wake kwa kitambaa. Nilikwenda dukani mchana ule ule.

Haraka hiyo ilinigharimu. Nilichagua rangi kutoka kwenye kadi yenye vipande vidogo kuliko stempu, chini ya taa za dukani. Nilinunua ndoo ya lita 20 bila kupiga hesabu, mimi niliyewahi kuchapa watoto kwa hesabu za eneo. Chumba chetu ni mita 4 kwa 5, urefu wa kuta mita 2.8. Kuzunguka kote ni mita 18, mara 2.8 ni mita za mraba 50. Ukitoa milango na madirisha zinabaki kama 42. Lita moja ya rangi ya maji hupaka mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni lita 8 na nusu. Zaidi ya nusu ya ndoo ilibaki.

Na rangi yenyewe ilikuwa mbaya. Kwenye kadi ilionekana kama biskuti. Ukutani, jua la jioni lilipoipiga, tulijiona tumeketi ndani ya boga. Usiku, chini ya balbu zetu zenye mwanga mweupe, iligeuka ikawa ya kijani kijani kama uji uliolala. Zaidi ya hayo, fundi alikuwa ameipaka juu ya chokaa ya miaka yote ile, nami sikumzuia. Baada ya wiki mbili ilivimba karibu na dirisha, ikachanika, ikaanza kudondoka pamoja na chokaa yake. Mke wangu, asiyeona vizuri, alikuwa akiisikia ikidondoka.

Nikaanza upya, safari hii kama mwalimu anayeandaa somo. Nitaandika hatua zake, maana msomaji huenda akazihitaji.

Kwanza ni kukwangua. Rangi ya maji haishiki juu ya chokaa inayopukutika. Hushika chokaa, na chokaa haishiki ukuta. Mimi na fundi tulikwangua siku tatu. Magamba yalitoka manene kama ganda la yai la mbuni, na ukingoni mwake yalionyesha tabaka baada ya tabaka, Desemba baada ya Desemba. Kila tabaka lilikuwa mwaka ambao mke wangu aliomba nami nikakataa. Kisha tulipiga msasa, tukafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, tukaacha ukauke, tukapaka praima ya kuufunga ukuta.

Pili ni kujaribu rangi. Nilinunua makopo matatu madogo ya rangi zinazokaribiana, nikapaka vipande vitatu vya plaiwudi, kila kimoja karibu sentimita 60 kila upande. Kwa siku tatu nilivihamisha kutoka ukuta hadi ukuta na kuvitazama saa 2 asubuhi, saa 7 mchana, saa 11 jioni na saa 2 usiku. Niligundua kwamba kila kipande ni rangi nne. Ile yenye njano nyingi haifai chumba kinachotazama magharibi, kwa sababu jua la jioni huleta njano yake lenyewe. Iliyofaa ilikuwa ile yenye wekundu kidogo sana ndani yake. Niligundua pia kwamba rangi mbichi hukauka ikiwa imekoza zaidi, na kwamba kuta nne zinazotazamana huongezeana rangi. Kwa hiyo uipendayo kwenye kipande, ukutani chukua iliyo nyepesi kwa hatua moja.

Tatu ni taa. Kwenye boksi la balbu huandikwa namba. Balbu zetu zilikuwa 6500, ambazo mwanga wake una ubluu na huua rangi zote za udongo. Nikaweka za 3000, ambazo mwanga wake unakaribia ule wa taa ya chemli. Ukuta ukafufuka usiku ule. Dari niliiacha nyeupe ili chumba kisizame gizani, na kwenye kuta sikuchukua rangi inayong'aa, kwa kuwa mng'ao ndio tuliokuwa tunaukimbia, bali ile ya kati inayovumilia kufutwa.

Fundi wangu ni kijana mwenye adabu. Tulipofika ukuta wa pili aliweka rola chini akasema, "Mwalimu, samahani. Hii si ndiyo rangi ya nyumba za bibi zetu? Watu wakija watasema Mwalimu pensheni imemwishia, amerudi kwenye udongo." Hakuwa na nia mbaya. Alisema kile kile ambacho ningekisema mimi katika umri wake, na kweli nilikwisha kukisema. Nilitazama ukuta aliokuwa ameumaliza. Jua lilikuwa limeshuka, na kwa muda mfupi ilikuwa rangi ya tembe la mama bila tofauti yoyote, ilikosa vidole tu. Nikamwambia aendelee.

Na kwa kweli ni udongo. Muuza duka alinionyesha jinsi mashine yake inavyoitengeneza: huanza na rangi nyeupe, kisha hudondosha njano, nyekundu kidogo na nyeusi tone moja au mawili. Njano hiyo na nyekundu hiyo kwa kawaida ni kutu ya chuma, madini yale yale yanayoupa udongo wetu rangi. Haipauki kwa jua. Kule Kondoa, mkoani kwetu, kwenye miamba ya Kolo, watu wa kale walichora wanyama na watu kwa wekundu wa madini hayo, na michoro ile ingalipo. Mwaka 2006 iliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi kuitazama. Niliwafundisha kuiheshimu rangi ile ikiwa mwambani, huku nikiidharau nyumbani kwa mama yangu.

Jambo la kwanza lililobadilika sebuleni halikuwa uzuri. Zilikuwa swichi. Swichi nyeupe juu ya ukuta wa maji ya kunde zilijitokeza kama meno, na mke wangu aliacha kupapasa siku ile ile. Fremu za milango, ambazo ni za mninga uliopakwa vanishi, nazo zilionekana zilipoanzia na zilipoishia. Mchana aliketi tena kwenye kiti chake na uso wake ulilegea. Sikujua kwamba kwa miaka miwili ulikuwa umekaza. Nilidhani ni uzee.

Kisha tarehe ikafika, wakamfanyia jicho la kulia. Siku aliyoondolewa kitambaa tulirudi nyumbani jioni. Aliketi, akautazama ukuta kwa muda mrefu bila kusema neno, nami nikasimama mlangoni nikisubiri kama mtahiniwa. Akafunika jicho la kushoto, akatazama. Akafunika la kulia, akatazama. Akarudia mara tatu.

"Kwa hili jipya ni chai ya maziwa," akasema. "Kwa hili la zamani ni chai ya rangi."

Niliingiwa na hofu. Nilikuwa nimechagua rangi kwa ajili ya jicho ambalo sasa linaondolewa. Nikamuuliza kama anataka tuibadilishe. Akasema tuiache, kwani zote mbili ni chai. Kisha akanigeukia na kunitazama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, tangu kola mpaka mkono wa shati.

"Mwalimu, na mashati yako haya? Kumbe yote yamekuwa ya njano."

Nilikwenda dirishani nikalitazama shati langu kwenye mwanga. Alikuwa amesema kweli. Ni mashati niliyoyavalia shuleni kwa miaka mingi na kuyaita meupe, na mbele yake hakuna aliyethubutu kuniambia. Huenda na macho yangu yameanza. Daktari alisema tusubiri.

Jicho la pili lilifanyiwa baadaye, na siku hizi anasoma hata maandishi ya pakiti za dawa. Lakini mkono wake haujaacha desturi. Akitoka chumbani usiku bado hupitisha vidole ukutani, sasa si kwa kutafuta njia. Kwenye kona ya kuingilia sebuleni pametokea sehemu iliyokoza na kulainika kidogo, usawa wa kifua changu, ukubwa wa kiganja. Rangi tuliyoichukua inavumilia kufutwa. Kitambaa kiko jikoni, ninajua kilipo, nami sijakigusa.